Kibuyu Kisichomwagwa

Mume wangu alikuwa mgema asiyekunywa, na kwa hilo alichekwa Kindu nzima. Waliokuja kununua malafu yetu, ile pombe nyeupe ya mchikichi, walimwambia kwamba mtu anayeshuka kila asubuhi na kibuyu kimejaa, halafu anakwenda mtoni kunywa maji, ama ana wazimu ama ana mke mkali. Mke mwenyewe nilikuwa mimi, na ukali nilikuwa nao, sikatai, lakini kwa jambo hilo sikuwa na hatia. Hakupenda tu. Alisema malafu huifanya miguu isahau kazi yake, na mgema bila miguu hana kitu.

Alionja tu. Kwetu mtu hakupi kata ya malafu kabla hajaonja mwenyewe mbele ya macho yako, ili ujue kwamba hakuna sumu. Anayetoa huonja, anayepokea hunywa. Hata mume na mke ndani ya nyumba yao hufanya hivyo, na mtu hajichotei mwenyewe kama mwenzake yupo. Mimi niliyekuwa nauza pale wanapoegesha mitumbwi nilionja funda baada ya funda tangu asubuhi, na jua la mchana lilinikuta kichwa chepesi na maneno tele. Nikirudi nyumbani mume wangu alinitazama akacheka.

"Mama, leo uliuzisha ao ulikunywa?"

"Nilikunywa ya wewe na ya mimi," nilimjibu. "Muntu moja katika nyumba hii anapashwa kukunywa."

Ndivyo tulivyotaniana, na sikujua kwamba nitakuja kuyakumbuka maneno yale.

Kuuza malafu kulinifundisha watu. Mpiga kasia mmoja alikuwa akinywa kata moja akitoka majini, anacheka, anakwenda zake. Mamba alipomchukua mwenzake wa mtumbwi, akaanza kunywa kata mbili kabla ya kuingia majini. Hakuniambia kwamba anaogopa. Niliona mkono ulivyoishika kata, nikajua. Mama mmoja ambaye mumewe alileta mke wa pili alikuja na mtungi wa maji, akanunua malafu ya kuujaza, akafunika majani juu, akaupandisha kichwani kama anatoka mtoni. Na kulikuwa na mzee mmoja mwungwana, mtu wa kanzu na sala, aliyenijia kwa kupitia migombani akisema anatafuta dawa ya tumbo. Kwao kulikuwa pwani, na kila msafara uliporudi bila habari za watu wake, tumbo lilimzidia. Nilimwekea dawa yake katika kibuyu kidogo chenye kizibo, na wala sikumcheka, walau si mbele yake.

Kwa hiyo nilijiona mjuzi. Niliamini nimekwisha kuelewa jinsi huzuni inavyomshika mtu mkono na kumpeleka kwenye kibuyu. Ujuzi huo ndio ulioniponza.

Tulizaa watoto watatu. Wawili hawakufika kutembea. Wa tatu, wa kiume, alikua, akawa mrefu kumpita baba yake, na mcheshi, na mvivu wa kulima kama Mungu alivyopenda. Siku aliyozaliwa, baba yake alimchagulia mchikichi, maana kwetu kila mtoto wa kiume huwa na wake. Malafu ya mti ule ni yake peke yake. Hayauzwi. Akiwapo anakunywa na vijana wenzake, na akisafiri, kibuyu chake kinatundikwa kwenye nguzo ya mbele ya nyumba, kinamngoja. Wasioyajua mambo yetu wataona ni upuuzi, lakini sisi tuliyafuata kama tunavyokula. Mti wa msafiri haurukwi hata siku moja, kwa sababu jeraha la mchikichi usipolikata kila siku linafunga, na kulifunga jeraha la mti wake ni kumfungia njia ya kurudi. Na yale malafu yakilala yakachacha, hayamwagwi. Kumwaga chini ni kuwapa wafu. Ukimmwagia mtu malafu yake umekwisha sema kwamba amekufa. Basi hunywewa na baba yake au mama yake, si mtu mwingine, mpaka mwenyewe arudi.

Mwaka mmoja bwana fulani wa pembe aliyekuwa na boma upande wa juu wa mto alituma watu wake wenye bunduki. Kila nyumba itoe mbebaji mmoja wa kupeleka pembe za ndovu mpaka ziwani, na wengine wataendelea mbele. Kwetu alitakiwa mume wangu. Usiku kucha sikulala, na kulipokucha mwanangu alikuwa amekaa mlangoni, amekwisha kujifunga nguo kiunoni.

"Baba, wewe ubakie na miti," alisema. "Mi nitaenda. Mvua ya pili itanikuta niko hapa."

Nilingoja baba yake amkatalie. Nami ningeweza kumkatalia, nina mdomo wa kutosha, lakini nilikuwa na mume upande mmoja na mwana upande mwingine, na mdomo wangu siku hiyo haukufunguka.

"Basi," mume wangu alisema.

Neno moja tu, na tangu siku ile sikumsikia tena akilitamka, hata kwa jambo dogo.

Nilimsokotea mwanangu ngata ya nyuzi za mti wa mwale, ya kuweka begani chini ya pembe. Niliisokota kwa haraka kwa sababu walikuwa wakipiga ngoma ya kuondoka. Akaivaa kichwani kama kofia ili anichekeshe, akaenda.

Jioni ile mume wangu aliupanda mti wa mtoto, akatundika kibuyu nguzoni. Kesho yake, kivuli cha nyumba kilipofika kwenye kinu, tulikaa chini ya ukingo wa paa na kibuyu kilicholala. Nilichota, nikaonja, nikampa. Akanywa nusu, akakunja uso kama mtoto anayepewa dawa, akanirudishia, nami nikamaliza. Tulicheka. Kila siku ilikuwa hivyo, nusu kwake na nusu kwangu, na tulikuwa tukimzungumzia. Sasa amefika Kabambare. Sasa analiona ziwa. Sasa anawadanganya watu kwamba kwao yeye ni mtoto wa sultani. Nusu kibuyu haikumlevya mtu. Nasema kweli, katika ndoa yangu yote saa ile ya kivuli ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Mvua ya kwanza ilipita. Ya pili ilianza.

Kabla haijakatika, asubuhi moja, mtu mmoja alisimama mbele ya vibuyu vyangu pale mtoni. Alikuwa amekonda, anachechemea. Alisema ni mtu wa upande wa Pangi, na kwamba alitembea msafara mmoja na mwanangu. Nilichota malafu nimpe, nikaonja, nikamnyooshea. Hakupokea. Akatoa ngata kifuani mwake, akaiweka juu ya mkeka.

Aliniambia kwa maneno machache, na mimi nitayasema kwa machache. Pembe ilikuwa nzito. Bega likachubuka, chubuko likawa kidonda, kidonda kikaoza. Homa ilimshika kabla hawajaliona ziwa. Walimzika kando ya njia, wakaweka mawe.

Niliishika ile ngata nikaibonyeza kwa kidole. Ilikuwa nyembamba. Kwa siku moja zaidi ningeisokota nene.

Sikulia pale. Nilimpa yule mtu samaki wa njiani, nikamwomba asipite kwa mgema. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia, "Acha, miye mama yake njo nitamuambia." Akaondoka na njia yake, na mimi nikauza malafu yaliyobaki, nikaonja kila kata, na sikumbuki hata uso mmoja wa siku ile.

Nilipanda nyumbani na maneno mdomoni. Nilimkuta mume wangu ananoa kisu chake cha kugemea na anaimba. Alikuwa ameuona mtumbwi wa watu wa msafara ukishuka, akaniuliza kama nimesikia lolote. Nilimwangalia mtu huyu aliyesema "basi". Nikawaona wale wote waliopita mbele ya vibuyu vyangu, mpiga kasia, yule mama wa mtungi, mzee wa kanzu. Nikajiambia: huyu akijua, atakunywa. Atakunywa, na kazi yake iko juu ya miti. Mwana amekwisha nipotea, na mume nitampoteza pia.

"Hapana," nikasema. "Hakuna habari."

Ngata niliificha chini ya mtungi wa mpunga.

Kivuli kilipofika kwenye kinu tulikaa kama kawaida. Nilichota, nikaonja lile funda. Nikampa. Akanywa nusu yake, akanirudishia. Na hapo sikuweza. Malafu yale yalikuwa ya maiti, na mimi peke yangu nilijua.

"Tumbo iko naniuma," nikasema.

Akanitazama kwa huruma, akachukua na nusu yangu, akainywa. Hakutaka kuimwaga, angewezaje? Kesho yake tumbo langu liliuma tena. Na kesho kutwa. Mwisho hakuniuliza tena, alijua kwamba tumbo la mama limeharibika na kwamba kibuyu cha mtoto sasa ni mzigo wake peke yake. Alikinywa chote kila siku kama mtu anayelima shamba la mwenzake aliyeugua.

Mtu asiyezoea akinywa kibuyu kizima kila siku, mwili unajifunza. Mwanzoni alilala mapema. Baadaye akawa hasinzii asiponywa. Halafu akaacha kungoja kivuli. Nilimkuta asubuhi na harufu ile mdomoni, akaniambia ameonja tu, na mimi niliyeishi kwa kuonja nilijua funda moja halinuki hivyo. Vibuyu vya kuuza vikaanza kushuka mtini vikiwa nusu, na vingine vimeongezwa maji. Wateja walinuna, mmoja mmoja wakahamia kwa mgema wa ng'ambo. Wale wale waliomcheka kwa kutokunywa sasa walimcheka kwa kunywa. Binadamu hachoki kucheka.

Hakunipiga, hakunitukana. Afadhali angenitukana, ningekuwa na la kumjibu. Alikuwa mpole, akilewa anazungumza na nguzo ile ya kibuyu, anamwambia mtoto kwamba mti wake umezaa vizuri mwaka huu. Mimi nikitwanga, nilizidisha kishindo cha mchi nisisikie. Kila siku nilisema leo nitamwambia. Na kila siku nilimwona amelewa zaidi ya jana, nikaona leo ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kumwambia. Mvua mbili zilipita namna hiyo.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Asubuhi ilitetemeka mpaka anywe kwanza, ndipo kisu kitulie. Nilikwenda nikasimama chini ya mti siku moja, mimi ambaye tangu niolewe sikuwahi kumsimamia. Nilimwona akipanda, kamba kiunoni, mguu unatafuta shina unalikosa, unalipata. Alipofika karibu na kilele kamba ilimponyoka. Aliteleza akiwa amelikumbatia shina, chini, chini, mpaka miguuni pangu. Kifua na mapaja yote yalichunika. Alilala pale anahema. Kibuyu cha mtoto alichokuwa amekipandisha kilikuwa kizima mkononi.

"Hakikupasuka," aliniambia, na akatabasamu.

Nilimkokota mpaka nyumbani. Nikampondea majani, nikambandika. Alipotulia nilikwenda kwenye nguzo, nikakitungua kile kibuyu cha jana kilichokuwa kinamngoja mtoto. Nikaenda ndani, nikatoa ngata chini ya mtungi. Nikarudi, nikasimama mbele yake juani, watu wakipita njiani, na nikamwaga.

Yalitoka kwa kugugumia. Udongo ulikunywa polepole, povu likabaki juu.

Mume wangu hakunyanyuka. Alilitazama povu mpaka likaisha, ndipo akaitazama ngata.

"Tangu wakati gani?" akauliza.

"Tangu wakati nilikuambia tumbo iko naniuma."

Akafumba macho. Nilidhani atalia, nilitaka alie, nilie naye.

"Kumbe njo ile tumbo," alisema. "Na uliniacha nikunywe."

"Niliogopa, Baba. Niliogopa ukijua utakunywa."

Mimi mwenyewe niliposikia maneno yale yakitoka mdomoni mwangu niliyaona yalivyo. Ukweli nilioufunika ili asinywe ndio ulioweza kumtua mzigo ule. Kama ningeyamwaga malafu siku ile ya ngata, angekunywa siku za matanga, angelia, tungefunga mti. Nilimnywesha mimi, siku baada ya siku, kwa kumpenda.

Tukaweka matanga. Ndugu walikuja, tukanyoa vichwa, tukalala chini kwenye mikeka. Siku ya nne, mume wangu akichechemea, alikwenda kwenye mchikichi wa mtoto, akakata kamba ya kibuyu, akaliacha jeraha likauke. Matanga yetu hunywewa malafu, lakini yeye aliwaonjea wageni tu, kwa funda dogo, na hakunywa. Alikunywa maji. Mwili ulimtetemeka, akatapika, akatoa jasho mpaka mkeka ukalowa. Nilimpikia mchuzi wa samaki na ndizi, nikamlisha kwa mkono, akala. Nilifurahi. Mungu anisamehe, katikati ya matanga ya mwanangu nilifurahi, kwa kuwa nilidhani kilichomleta kwenye kibuyu kimekwisha ondoka, na yeye atakiacha kibuyu.

Mikeka ilikunjwa. Nywele zikaanza kuota. Ngozi ya kifua ikafunga, akapanda tena, asubuhi na jioni, na vibuyu vikashuka vimejaa. Mwezi mzima alikwenda mtoni kunywa maji kama zamani. Nilirudi pale kwenye mitumbwi na nikasikia wateja wanamtania kwamba amekuwa mwali tena, nami nikawatukana kwa furaha.

Siku moja nilikuwa natwanga. Kivuli cha nyumba kilifika kwenye kinu, miguuni pangu. Mume wangu alitoka mitini, akapita, akaenda kuketi chini ya ukingo wa paa, mahali petu pale pale, akaweka kibuyu kati ya magoti. Hakuwa amechukia. Hakuwa na huzuni zaidi ya ile ya kila siku. Hapakuwa na mgeni, hapakuwa na habari yoyote mbaya. Niliuegemeza mchi ukutani.

"Baba, ile njo ya nani?"

Aliigeukia nguzo. Ilikuwa tupu, na alama ya kamba ilibaki juu yake.

"Njo yangu," alisema.

Kama angesema ya mtoto, ningemwonyesha nguzo. Kama angesema ya huzuni, ningeketi tukalia mpaka iishe. Alikaa akiningoja kwa adabu, hakugusa kitu, maana mtu hajichotei mwenyewe kama mwenzake yupo. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka juu ya kibuyu.

Nikachukua kata. Nikachota. Nikaonja funda moja mbele ya macho yake, ajue kwamba hakuna sumu, nikampa.